Bunduki ya .308 na risasi iliyosingiziwa ulaini

Bunduki yenyewe haikuwa na kasoro. Ilikuwa ya bolti, ya .308 Winchester, mtutu wenye msokoto wa mzunguko mmoja kwa kila inchi 12, na kwa katriji za vichwa vyenye koti la shaba ilikusanya matundu matano ndani ya sentimita 3 kwa umbali wa mita 100. Mwenyewe ana leseni, ameshindilia katriji zake kwa miaka, na si mtu wa kubahatisha vipimo vya baruti. Shida ilianza alipoamua kusubu vichwa vya risasi, yaani kuyeyusha ile metali laini na kuimimina kwenye kalibu, badala ya kununua. Matundu mawili ya kwanza yalikaa jirani. Kufikia la kumi, karatasi ilionekana kama imepigwa na watu watatu wasiofahamiana. Kundi lilivuka sentimita 15. Alipomulika ndani ya mtutu alikuta utando wa kijivu umeganda kwenye mifereji, mnene zaidi mara tu baada ya chemba (pale katriji inapokaa), ukipungua kuelekea mdomoni.

Kichwa alichokuwa akisubu kina uzito wa karibu gramu 11, kina mifereji ya kubebea mafuta ya nta, na tako lake limepunguzwa kidogo ili livishwe kikombe cha shaba, yaani gesicheki. Aloi yake ilikuwa vizani vya kusawazishia magurudumu ya magari, vile vya zamani vya risasi, pamoja na bati kidogo. Kasi ilikuwa mita 550 kwa sekunde. Hakuna la ajabu hapo. Wasubuji wengi hutumia mchanganyiko huohuo kwa kasi hiyohiyo na mitutu yao hubaki safi.

Hukumu aliyoitoa mwenyewe ni ile inayotolewa na karibu kila mtu akiona utando: risasi ni laini mno. Kwa kipimo cha Brinell, risasi tupu ina ugumu wa takriban 5, vizani vya magurudumu hukaa kati ya 9 na 12, na linotaipu, aloi ya wapiga chapa wa zamani yenye asilimia 84 ya risasi, 12 ya antimoni (metali inayoigumisha) na 4 ya bati, hufika karibu 22. Akanunua linotaipu. Akasubu upya bila kugusa kitu kingine chochote, akapiga, na kundi likashuka hadi kama sentimita 9. Utando nao ukapungua.

Hilo ndilo lililofanya kisa hiki kistahili kuandikwa. Kama linotaipu isingesaidia kabisa, angeiacha siku hiyohiyo na kutafuta kwingine. Lakini ilisaidia, tena kwa kiasi kinachoonekana kwa macho, na mtu akishaona dawa imepunguza homa hataki tena kusikia habari ya kupima damu. Alikuwa tayari kuagiza linotaipu zaidi, na aloi hiyo ni ghali kuliko vizani kwa mbali. Swali nililomuuliza lilikuwa moja: mbona utando uliobaki bado uko palepale, nyuma, karibu na chemba?

Mahali utando ulipo si jambo dogo. Ukiganda karibu na mdomo wa mtutu, mara nyingi mafuta yameisha njiani, kichwa kimekimbia kikavu sentimita za mwisho. Ukianzia nyuma, mara tu baada ya koo la mtutu (pale mifereji inapoanzia), mshukiwa wa kwanza ni kipenyo: kichwa hakijazi mtutu, na gesi inapita pembeni yake mapema kabisa, wakati shinikizo liko kileleni, ikilamba ukingo wa kichwa na kuacha chembe za risasi mbele yake. Kichwa kinachofuata kinazikanyaga chembe hizo na kuzibandika kwenye chuma. Ndiyo maana matundu mawili ya kwanza yalikuwa mazuri na la kumi likapotea.

Kuhusu kikombe chenyewe, kuna dhana ambayo haifi: kwamba kazi yake ni kuzuia moto wa baruti usiyeyushe tako. Risasi huyeyuka kwa nyuzijoto 327, na moto wa baruti uko juu ya hapo mara nyingi, kwa hiyo dhana inaonekana ya maana mpaka ukumbuke kwamba kichwa hukaa mtutuni kwa takriban milisekunde 2 tu. Joto halipati muda wa kupenya. Kinachoharibu ni mkondo wa gesi unaopita kwenye mwanya na kukata ukingo wa tako, na kikombe cha shaba hukaza ukingo huo ukabaki mkali na mnyoofu, kikashika vizuri msokoto wa mtutu, na kukwangua sehemu ya risasi iliyobaki nyuma ya kichwa kilichotangulia. John Barlow wa kampuni ya Ideal, anayetajwa kuwa mwanzilishi wake huko Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa akijibu tatizo jipya la wakati wake: baruti isiyo na moshi ilikuwa imepandisha kasi na shinikizo kuliko ilivyozoeleka kwa vichwa vya risasi tupu. Lakini kikombe hakiwezi kujaza mwanya ambao kichwa kizima kimeuacha. Hicho ndicho kipengele ambacho watu hukisahau wakishanunua boksi la vikombe.

Tukaanza kupima. Mafundi hupima kwa thau, yaani sehemu moja ya elfu ya inchi, ambayo ni milimita 0.0254, na katika mambo haya thau moja ni kitu kikubwa. Kipande cha risasi laini kilichosukumwa polepole mtutuni kwa ufito kikatoka na kipenyo cha inchi 0.3085 kwenye mifereji. Koo tulilipima kwa kumimina Cerrosafe, aloi ya bismuti inayoyeyuka chini ya nyuzijoto 90, ambayo husinyaa kwanza, kisha hutanuka polepole na kurudia ukubwa halisi wa chemba baada ya takriban saa moja. Ukiipima mapema utadanganyika. Koo likasoma 0.3105.

Kalibu yake ilikuwa ikitoa vichwa vya 0.311 hadi 0.312, vizuri kabisa. Ila baada ya hapo alivipitisha kwenye pete ya kusawazisha, inayoviminya vyote vifikie kipenyo kimoja, ya 0.309, kwa kuwa ndiyo aliyouziwa pamoja na kalibu. Nusu thau juu ya mifereji. Kanuni ya kawaida ni thau moja hadi mbili juu ya mifereji, au kulingana na koo kadiri chemba inavyoruhusu. Kwa hiyo tayari palikuwa na kosa, lakini dogo mno kueleza uchafu wa kiasi kile. Nusu thau ya ziada ingetosha angalau kuziba. Kuna mahali kichwa kilikuwa kinapoteza kipenyo zaidi.

Nilimwomba achukue katriji chache kamili, za vizani na za linotaipu, aziweke kwenye nyundo ya kung'olea vichwa na kipande cha sponji ndani ili pua isibondeke, kisha apime pete za nyuma za kichwa kwa maikromita. Vichwa vya vizani vilivyoingia kwenye ganda la katriji vikiwa 0.309 vilitoka vikiwa kati ya 0.3065 na 0.307. Vya linotaipu vilitoka vikiwa karibu 0.3085.

Kesi ikafunguka hapo. Shingo ya ganda ndiyo iliyokuwa ikivibana. Kifaa chake cha kurudisha ganda katika umbo kilitengenezwa kwa vichwa vya koti la shaba vya 0.308. Hubana shingo, kisha mpira wa chuma hupita ndani na kuiacha na kipenyo cha ndani cha karibu 0.306. Kichwa chenye koti hakijali. Ni kigumu, shingo ndiyo hutanuka kukipisha. Kichwa cha aloi ya vizani kikisukumwa mle, ganda na kichwa hushindana, na ganda la shaba likiwa limekomaa kwa kupigwa mara kadhaa ndilo linaloshinda. Kichwa kinaingia kikiwa kinene na kukaa kikiwa chembamba. Hakuna anayekiona, kwa sababu kimeshafichwa.

Linotaipu ilisaidia kwa sababu hiyo na si nyingine. Ugumu wake haukuwa na kazi yoyote mtutuni ambayo vizani vingeshindwa kufanya kwa mita 550 kwa sekunde. Kazi yake ilikuwa kustahimili kubanwa na shingo. Alikuwa amelipia antimoni ili ishindane na ganda lake mwenyewe. Na hata hivyo ilitoka sare na mifereji, bila ziada ya kuziba, ndiyo maana utando haukwisha na kundi lilikwama sentimita 9.

Msomaji makini atauliza kama ni nyundo iliyopunguza kipenyo, kichwa kikikwangua shingo wakati wa kutoka. Swali la haki. Tulilijibu baadaye kwa njia rahisi: shingo zilipopanuliwa ipasavyo, vichwa vilivyong'olewa kwa nyundo ileile vilitoka na kipenyo kilekile vilichoingia nacho. Nyundo haina hatia.

Kung'oa vichwa kulitoa ushahidi wa pili ambao hatukuutafuta. Katika katriji mbili tatu, kichwa kilitoka na kikombe kikabaki ndani ya ganda. Shingo ya .308 ni fupi, inchi 0.304 tu, pungufu ya kipenyo cha kichwa chenyewe, na kichwa kirefu cha gramu 11 hukaa na tako lake likiwa limepita chini ya shingo, katika eneo la bega. Kikombe kilichoshika vizuri hakina shida kubwa pale. Kilicholegea kinaweza kubaki nyuma, au kumomonyoka na kuondoka na kichwa kikiwa kimelala upande. Tukarudi kwenye karatasi za shabaha na kuona, pembeni ya matundu, vijichaniko vidogo ambavyo alikuwa akidhani ni kokoto. Vilikuwa vikombe.

Sababu yake ilionekana kwenye matako ya vichwa ambavyo bado havijavishwa. Kingo zilikuwa za mviringo badala ya kuwa kali, na mbavuni kulikuwa na mikunjo midogo. Hiyo ni kalibu baridi. Alikuwa akisubu polepole, akikagua kila kichwa kabla ya kumimina kingine, na kalibu ikapoa katikati. Tanuri ilisoma nyuzijoto 350 na akaridhika. Lakini kinachojaza kona ni joto la kalibu, na joto la kalibu hutokana na mwendo. Akapandisha tanuri kidogo, akaongeza bati hadi karibu asilimia 2, akaacha kukagua katikati ya kazi. Vichwa vikaanza kutoka na ngozi yenye ukungu mwepesi kama wa barafu, ambao wengi huuogopa bure. Ukungu mwepesi haudhuru. Tako lenye ukingo wa mviringo hudhuru kila mara, na hilo hurudishwa tanurini bila huruma.

Kuhusu uvishaji wenyewe, aliacha kukiingiza kikombe na kukisawazisha kwa pigo moja. Sasa hukikalisha kwanza kwa mkono mpaka kifike chini ya tako, ndipo anasukuma kichwa pua mbele kupita kwenye pete, ili ukingo wa kikombe ukunjwe sawasawa pande zote. Kikombe kinachocheza baada ya hapo hakitumiki.

Marekebisho makuu yalikuwa mawili. Pete mpya ya 0.310, na kigingi cha kupanulia shingo kilichotengenezwa kwa vichwa vya kusubu: sehemu yake ya kwanza huiacha shingo na kipenyo cha ndani cha karibu 0.309, na ya pili hufungua mdomo wa ganda kidogo tu, ili ukingo usikwangue risasi wala nta wakati wa kuingiza. Mdomo hurudishwa ulivyokuwa mwishoni kwa kubanwa kidogo. Mshiko uliobaki wa thau moja unatosha.

Mwenye bunduki alitaka kwenda moja kwa moja hadi 0.311. Hapo nilimzuia mpaka tufanye hesabu, na hesabu hii si ya hiari. Kichwa kikinenepa, shingo ya katriji nzima inanenepa nacho. Unene wa ukuta wa shingo zake ulikuwa thau 15, mara mbili ni 30, na kichwa cha 0.310 kinafanya 0.340. Shingo ya chemba kwenye ule umbo wa Cerrosafe ilisoma 0.3445. Nafasi ya thau 4 na nusu inatosha. Ingekuwa chemba nyingine, yenye shingo ya kubana, ganda lisingepata pa kutanukia na kukiachia kichwa, na shinikizo lingepanda vibaya. Kila bunduki hupimwa yenyewe. Tarakimu za hii si ruhusa kwa ile. Hapa 0.311 ingepita bila hatari, ila isingeleta faida, kwa kuwa koo ni 0.3105.

Baruti haikuguswa. Ilibaki ileile, kipimo kilekile, ndani ya jedwali lililochapishwa kwa kichwa cha uzito ule. Ukibadili baruti wakati unatafuta sababu ya utando, umejinyima jibu.

Kulikuwa na washukiwa wengine tuliowaachia haraka. Mafuta yake yalikuwa nta ya nyuki na Alox (kilainishi cha kiwandani) nusu kwa nusu, mchanganyiko wa miaka mingi usiohitaji kutetewa, na ule utando wa nyuma haukuelekeza huko. Mtu mmoja alimwambia tatizo ni mizunguko mingi ya kichwa, nadharia inayosema vichwa vya kusubu huanza kutawanyika vikivuka takriban mizunguko 120,000 hadi 140,000 kwa dakika. Nadharia hiyo ina wapinzani wake, nami ni mmojawapo kwa kiasi, lakini hapa haikuhitaji hata mjadala: mita 550 kwa sekunde katika msokoto wa inchi 12 ni kama mizunguko 108,000. Zinki pia tuliiwazia, kwa kuwa vizani vingi vya sasa ni vya zinki au chuma na si risasi. Zinki huyeyuka kwa nyuzijoto 419, kwa hiyo tanuri ikiwekwa chini ya hapo vizani vya zinki huelea juu vikiwa bado vigumu na kuondolewa kwa kijiko. Vyake vilikuwa safi.

Mtutu ulihitaji kusafishwa mpaka chuma kitupu kabla ya kujaribu tena, la sivyo vichwa vipya vingeubeba uchafu wa vya zamani. Nyuzi za shaba safi zilizozungushwa kwenye brashi kuukuu ziling'oa risasi yote kwa mkono. Ipo njia ya siki na haidrojeni peroksaidi ambayo watu huisifia kwa wepesi wake. Siipendi. Huigeuza risasi kuwa asetati ya risasi, chumvi inayoyeyuka majini na kupenya mwilini kwa urahisi kuliko chuma chenyewe, na hubaki mikononi mwako ikiwa kimiminika unachopaswa kukitupa mahali fulani. Mabaki yake mtutuni pia hula chuma.

Tukiwa kwenye sumu: jambo lililonitia wasiwasi katika karakana yake halikuwa mvuke. Kwa joto la kawaida la kusubu, mvuke wa risasi ni kidogo. Wasiwasi ulikuwa vumbi la kijivu la takataka zinazoondolewa juu ya tanuri, alizokuwa akizimwaga kwenye ndoo isiyo na kifuniko, na kikombe cha chai kilichokaa meza hiyohiyo. Risasi huingia mwilini zaidi kwa mkono unaokwenda mdomoni na kwa vumbi linalovutwa. Ndoo ikapata kifuniko, chai ikahamishwa. Na vizani hupangwa vikiwa vikavu kabla tanuri haijawashwa, kamwe havitumbukizwi vikiwa na unyevu kwenye risasi iliyokwisha yeyuka, kwani tone la maji likizama chini hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha risasi nje ya chungu.

Baada ya hayo yote alirudi kwenye vizani, aloi ileile iliyohukumiwa. Kwa vichwa vya 0.310 kwenye shingo zilizopanuliwa, kasi ileile, kundi la matundu kumi lilikaa kati ya sentimita 4 na 5 kwa mita 100, na la mwisho halikutofautiana na la kwanza. Mtutu ulibaki na rangi hafifu ya kijivu iliyofutika kwa kitambaa. Hajafikia sentimita 3 za vichwa vya kiwandani. Bado tundu moja katika kila makundi machache hujitenga, na nadhani ni vichwa vyenye tundu la hewa ndani, maana vilivyo vyepesi kuliko vingine kwenye mizani hutokea mara chache lakini hutokea. Ameanza kuvipima kimoja kimoja na kuvitenga.

Linotaipu iliyobaki hakuiuza. Anaichanganya nusu kwa nusu na risasi tupu, na kupata aloi ya asilimia 92 ya risasi, 6 ya antimoni na 2 ya bati, yenye ugumu wa kutosha na inayojaza kalibu vizuri, na kila kilo moja inakuwa mbili.